Mzee Mwenye Kipara Kwenye Diski ya Mke Wangu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naliweka wazi mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine.

"Nani huyu?" nilimuuliza mke wangu kabla hata sijavua viatu, nikamwekea kompyuta juu ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akairudia picha. Akatoa pini mbili alizokuwa amezibana mdomoni, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi:

"Unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza."

Tuanzie mwanzo. Kazi yangu ni kurudisha vilivyofutwa. Mahakama, makampuni, waume na wake wenye mashaka, wote huniletea diski zao. Mke wangu yeye hushona magauni ya harusi. Juzi alikuwa akisafisha kompyuta yake, mkono ukateleza, akafuta picha zote za magauni, zile anazowaonyesha wateja. Akanikabidhi diski, akaniambia nimfanyie na yeye kama ninavyowafanyia watu wa nje.

Watu hudhani picha ikifutwa imekwenda. Wapi! Kompyuta ni mvivu kama mimi: inafuta jina tu, picha yenyewe inaiacha palepale mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake. Basi nikatengeneza nakala ya diski, maana diski yenyewe haichezewi, nikaiachia programu ipekue. Picha zikaanza kutoka, hazina majina wala tarehe, nyingine nzima, nyingine nusu yake imeliwa ikabaki kijivu kama majivu.

Magauni yakaja. Nikafurahi. Katikati ya magauni akaja mwanaume.

Amepigwa picha kutoka nyuma, kwa karibu. Kuanzia shingoni kushuka ni kijivu kitupu. Kilichobaki ni kisogo, masikio mawili kama vipini vya sufuria, na kipara katikati ya utosi kinachong'aa kwenye mwanga wa bluu. Nikasema labda ni baba wa bibi harusi. Akaja tena. Na tena. Mzee yuleyule, kisogo kilekile, shati moja kola nyeupe, jingine kola ya mistari. Mtu hapigwi picha nyingi hivyo bila kuwa na mtu anayempenda. Kwa utaalamu wangu wote nikamkadiria miaka hamsini na tano. Mimi nina arobaini. Nikaumia zaidi. Kuachwa kwa ajili ya kijana ningeelewa.

Nikamtumia mke wangu ujumbe: "Nimempata mzee wako."

Akajibu: "Mzee gani? Na magauni je?"

Nikaandika: "Nakuja."

Sasa nipo mbele yake, nampa nafasi ya mwisho ya kusema ukweli. Yeye hakulia wala hakukana. Akachukua simu, akampigia dada yake anayekaa mtaa wa pili.

"Dada, njoo. Nimefumaniwa."

Shemeji alifika na unga mikononi. Nikamsomea mashtaka yote kama nilivyozoea kufanya mahakamani: picha zimetoka kwenye diski ya mdogo wake, zimefutwa kwa makusudi, mhusika ni mzee mwenye kipara, na kama ndoa hii imekwisha basi ielezwe. Shemeji akainama kwenye kioo cha kompyuta. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia kwa aibu ya familia.

"Shemeji, hebu geuka," akasema.

"Nigeuke niende wapi?"

"Geuka tu, baba."

Nikageuka. Nikasikia simu ikipiga picha nyuma yangu. Mke wangu aliponiwekea simu kando ya kompyuta, shemeji alikuwa ameshakaa chini sakafuni, anajifuta machozi kwa kiwiko. Masikio yaleyale. Kipara kilekile. Hata kidoa cheusi juu ya sikio la kushoto.

Mkono ukapanda wenyewe utosini. Kweli palikuwa na uwanja. Na kinyozi wangu kwa adabu zake hajawahi kunidokeza.

"Wahenga walisema nyani haoni kundule," shemeji akasema. "Hawakusema kama kipara nacho kimo."

Nikacheka na mimi, nikidhani yamekwisha kwa mzaha kama kawaida yangu. Mke wangu hakucheka.

"Mwizi gani anampelekea polisi ufunguo?" akaniuliza. "Diski si nilikupa mwenyewe?"

Nikauliza, sasa kwa upole, kwa nini alikuwa anapiga picha kisogo changu.

"Kwa sababu ndicho ninachoishi nacho. Unatoka kazini, unafunga mapazia, unawasha mashine, unanigeuzia hicho. Picha ya kwanza nilipiga siku niliyokuambia baba amelazwa. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Sikukumbuka.

"Ulisema, 'Safi sana.'"

Shemeji akaacha kucheka. Mimi nilikumbuka kitu kingine: jinsi nilivyokwenda ukweni baadaye nikalalamika kwa sauti kwamba nafichwa ugonjwa wa baba yake, kana kwamba mimi si mkwe. Na mke wangu akakaa kimya, akanibebea lawama ile.

"Nilikuwa nazikusanya nije nizionyeshe kwa wazee," akaendelea. "Waone mume waliyenipa. Baba alipopona nikasema basi, yaishe. Nikazifuta. Nilishakusamehe, bwana. Wewe ndiye umekwenda kuzifukua."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikajitetea. Nikasema kazi ndiyo inayotulisha, kazi yenyewe inataka macho, hawa wanaoniletea diski wamepoteza vitu vyao na mimi ndiye tegemeo lao.

"Kwa hiyo ili unitazame," akasema, "lazima nifutwe kwanza?"

Nikamwomba msamaha, na mara hii nilikuwa nimemgeukia.

Shemeji akainuka, akajipangusa.

"Vaa viatu, mdogo wangu. Twende kwangu. Huyu mwache na mashine zake mpaka atie akili."

Nikasema haendi popote. Shemeji akasema anakwenda, tena kwa miguu yake. Nikasema akienda nitamfuata, nitamtafuta mtaa kwa mtaa mpaka nimpate. Shemeji akasema wanaume wote husema hivyo. Nikaapa. Akaniambia nisimwapie yeye, nimwapie mwenyewe. Tukabishana hivyo, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka mke wangu akachoka na sisi wote.

"Siendi," akasema. "Nikiondoka, dada, huyu hatanitafuta mitaani. Atakwenda kufungua kompyuta."