Kigoda cha Jeanne

"Mama, mgeni amesimama."

"Ardhi imejaa tele, Nicodemus. Achague pa kukaa."

Ndivyo Mama Generosa, mtawala wa migomba, mbuzi na ukoo mzima pale Makere, alivyotoa amri. Vigoda vyote alikuwa ameviingiza ndani mapema. Kwenye mji ule, mgeni akinyimwa kigoda amekwisha kufukuzwa. Kilichobaki ni yeye kuelewa.

Jeanne, fundi cherehani kutoka Munanila, alielewa. Akaushika mkoba wake.

Ndipo Nicodemus, mwalimu wa historia huko Kibondo, mwenye shahada na suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, alipopiga magoti, akaweka viganja mavumbini, mgongo juu.

"Kaa, Jeanne."

"Mwalimu, inuka! Watu wanaona!"

"Kaa."

Jeanne akakaa, kwa aibu, nusu uzito.

"Yoo! Mwana wanje, mwanangu mimi, kageuka kigoda!" Mama Generosa alipiga yowe.

"Mama," Nicodemus alisema kutoka chini, kwa sauti ya darasani, "Malkia Nzinga wa Angola alinyimwa kiti na gavana wa Wareno. Akakaa mgongoni kwa mtumishi wake, wakazungumza sawa kwa sawa."

"Huyo mtumishi alikuwa mchumba wake?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu wako kampita malkia." Akamgeukia Jeanne. "Wazazi wako walikuja na vita. Mtarudi Burundi, mnibebee na mwanangu."

"Mimi nimezaliwa Munanila, mama. Sina pa kurudi. Ninajua kungoja tu. Nikisikia lori la Kibondo, natoka mbio na unga mikononi. Siyo yeye. Narudi kusonga ugali, umeshaungua."

Baba yake Nicodemus alikwenda Tanga kukata mkonge, kijana bado. Malori yalirudi mengi, yeye hakurudi.

"Ugali huo ulikuwa unaula?" Mama Generosa akauliza polepole.

"Naula, mama. Na machozi."

"Mimi nilikuwa nawapa kuku."

Akajifuta pua kwa kanga.

"Nicodemus, inuka. Nitakwenda Munanila mwenyewe kuzungumza na wazee wake. Harusi baada ya mavuno. Mpaka siku hiyo, hamwonani!"

"Mama! Mavuno ni mbali!"

"Amri imetoka. Wewe panda lori. Mkwe wangu anabaki kula."

Lori likaondoka. Nicodemus akasimama nyuma, juu ya magunia ya maharage, shingo imegeuka kama ya bundi. Jeanne akapunga, akapunga, mpaka vumbi likammeza mwalimu.

"Inatosha, mwanangu," alisema Mama Generosa. "Atajiona mfalme."

Lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa bado juu.