Jeki ya Ijumaa

JUMATANO, SAA TISA ALASIRI

Attoumane alichora ghala kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Yeye na wenzake walikuwa chumba cha nyuma cha duka la cherehani, mtaa wa Mahabibo. Joto kali, dirisha limefungwa. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na mafuta ya maua ya langilangi kutoka kisiwa cha Nosy Be yalikuwa yanangoja meli. Madebe ishirini. Mlango mmoja wa chuma. Mlinzi Houssen akienda kuswali Ijumaa, ghala hubaki na kufuli tu.

Kufuli hawakulijali. Boinali alikuwa ameunda jeki ya kuunyanyua mlango mpaka utoke kwenye bawaba zake. Miaka kumi alitengeneza mitambo ya kuchemshia maua kule Nosy Be, na mikono yake haikujua kazi ya ovyo. Jeki ya kwanza ilipinda. Ya pili aliitia skrubu nene na ukucha wa kuingia chini ya mlango, akaijaribu papo hapo kwenye saruji kwa mlango mkuukuu uliofungwa magunia ya mchanga. Mara tisa. Ikashika kila mara. Hata hivyo akaiongezea tegemeo, chuma cha kuudaka mlango jeki ikiponyoka.

Attoumane alilipiga teke lile tegemeo. Kulifunga ni dakika tatu, alisema, na dakika hizo hana.

Boinali alimtazama mdogo wake Mikidache, ambaye ndiye angesimama mbele ya mlango na mtaimbo. Jibu alikuwa nalo. Akalisukuma tegemeo chini ya meza, mwoga yule.

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA AROBAINI

Walivaa kanzu kama watu waendao msikitini. Youssoufa, dereva, alibaki kwenye usukani. Boinali alipopiga goti mlangoni, harufu ilimpanda puani. Madebe yalikuwa yamevuja wakati wa kupakuliwa. Sakafu yote mpaka kizingitini ilikuwa utelezi. Mara tisa alipima uzito, sakafu hakuipima hata mara moja.

"Tumwage mchanga kwanza."

"Zungusha, fundi," alisema Attoumane.

Akazungusha. Mlango ukapanda kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Bawaba zikaachia, Mikidache akavuta, na mguu wa jeki ukateleza. Mlango ukamlalia kuanzia kifuani.

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI

Attoumane alipita juu ya mlango kuingia, akapita juu yake kutoka, madebe mawili mawili. Kila alipokanyaga, Mikidache alilia. Boinali alipoirudia jeki, mpini haukuwepo. Attoumane alikuwa ameutupa garini.

"Huyo tumeshampoteza. Panda."

"Nipe mpini."

Gari likaondoka.

Boinali alivua kanzu, akaikunja, akaitandika chini ya mguu wa jeki. Mtaimbo ukawa mpini. Alizungusha huku machozi yakimtoka. Kidole kimoja. Viwili.

"Kaka, polepole," alisema Mikidache.

Baada ya hapo hakusema tena.

SAA SABA NA DAKIKA TANO

Houssen alirudi na watu wa msikitini, na askari wawili nyuma yao. Walimkuta mtu mwenye fulana bado anazungusha. Askari akauliza wenzake wamekimbilia wapi, na namba ya gari lao.

"Barabara ya Belobaka. Namba ya gari ya nini? Wekeni kizuizi, mnuse langilangi."

Wakamwambia auache mtaimbo. Hakuuacha. Mlango ulikuwa umeinuka hadi usawa wa magoti, na safari hii jeki ilishika.