Baraza ya Rangi ya Asali

Jumamosi hiyo duka la rangi lilijaa hadi mlangoni. Mashine ilitikisa makopo kwa kelele na harufu ya tapentaini iliwakaba watu koo. Kwenye foleni alisimama mshonaji mmoja, gauni lake la manjano limemkaa kama alivyotaka mwenyewe likae, na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuivua. Mkononi alishika kopo kubwa la vanishi.

Nyuma yake alikuwa fundi rangi, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyokula rangi za kila nyumba aliyowahi kupaka. Alilitazama lile kopo, akajizuia, akashindwa.

"Dada, samahani. Hiyo unakwenda kupaka wapi?"

"Barazani."

"Baraza ya nje?"

"Kwenu ziko za ndani?"

Waliokuwa karibu walicheka. Fundi naye alitabasamu, lakini hakurudi nyuma. Alimweleza kwamba vanishi ile ni ya meza na makabati. Ni ngozi tu inayokaa juu ya ubao. Nje, ubao huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, ngozi hupasuka, maji huingia chini yake, na kabla mwaka haujaisha inabanduka vipande vipande. Mbao za nje zinataka rangi nyepesi inayozama ndani na kuacha mishipa ya ubao ionekane.

"Kwa hiyo mbao zinakunywa," alisema mshonaji.

"Zikiwa na kiu."

"Na wewe ndiye unayeijua kiu yao."

"Ndiyo kazi yangu, Bibi Futi."

Mshonaji alijigusa shingoni, akaikuta futi, akaona aibu. Kisha, bila kupanga, alimweleza yote. Baba yake alikuwa seremala. Baraza ile aliijenga kwa mikono yake, na kabla hajaipaka rangi kiharusi kilimwangusha, mkono wa kulia ukafa. Sasa alikuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali, na daktari alikuwa amemvuta binti pembeni akamwambia kwamba kiharusi cha pili hakiko mbali. Binti alitaka jambo moja tu: baba yake akae kwenye baraza iliyokamilika angali ana macho ya kuiona.

Fundi alilichukua kopo mikononi mwake, akalirudisha rafuni.

"Nitakuja kesho," alisema.

Alikuja. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, anatazama. Fundi alipiga magoti barazani, akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja juu ya ubao. Tone lilikaa pale, duara, linang'aa kama shanga. Mbao zilikuwa zimenyeshewa wakati Mzee yuko hospitali, bado zimeshiba maji. Alisema zisipakwe chochote mpaka tone lizame lenyewe. Pengine wiki tatu za jua.

"Wiki tatu," mshonaji alirudia taratibu.

"Nikipaka leo nitakuwa nakudanganya."

Alichukua kipande cha ubao uliobaki, akapaka alama nne akampelekea Mzee achague. Isiyo na rangi, alisema, haizuii jua, mbao zitageuka kijivu. Ile nzito ya kahawia inadumu zaidi, lakini inafunika mishipa yote. Zilibaki nyekundu na ya asali. Mzee aliinua mkono wa kushoto, akaweka kidole kwenye asali.

Tangu hapo simu ya mshonaji iliita kila adhuhuri, cherehani ikasimama.

"Jua limewaka huko kwenu?"

"Umepiga kuuliza jua?"

"Nauliza mbao."

"Mbao hazijambo. Zinakusalimu."

"Na mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ana nguo sita za kumaliza, na kuna mtu anamchelewesha."

"Mtu huyo apigwe marufuku."

"Nimejaribu, mpenzi. Hasikii."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Fundi akasema polepole kwamba amelisikia na hatalirudisha.

Wiki ya tatu fundi aliitwa kupaka uzio wa shule, kazi ya siku tano. Mawingu yalianza kujikusanya. Siku ya tano mshonaji alitoka kupeleka nguo kwa wateja, na aliporudi mchana alimkuta baba yake chini, mgongo umeegemea fremu ya mlango, brashi kwenye mkono wa kushoto. Baraza nzima ilikuwa inameremeta. Kando yake palikuwa na kopo la zamani kutoka karakana yake, vanishi ya makabati.

"Nimemaliza kazi yangu," Mzee alisema kwa ulimi mzito. Tangu augue, binti hakuwa amewahi kumwona na uso ule.

Kesho yake fundi alifika na makopo yake ya rangi ya asali. Alisimama kwenye ngazi, akaitazama ile kazi, na damu ikampanda.

"Nani kafanya uharibifu huu?"

Mshonaji aligeuka haraka kutazama dirisha. Baba yake alikuwa pale, anasikia kila neno.

"Ondoka," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimengoja wiki tatu, umemleta mtu asiyejua mbao hata kwa kuziota?"

"Anazijua kukuzidi wewe. Tafadhali ondoka."

Fundi alielewa alivyoelewa: kuna mwingine, wa kazi na wa moyo. Aliyabeba makopo yake akaenda. Mshonaji alitaka kumfuata hadi barabarani, lakini Mzee alimwita ndani akamshika kidole. "Usimwambie," alisema. Ndipo binti alipojua kwamba baba yake ameumia moyoni, akanyamaza. Simu haikuita tena adhuhuri. Mvua zilikuja. Vanishi ikapauka kama maziwa yaliyochachuka, ikajaa malengelenge, ikaanza kupasuka.

Fundi alirudishwa shuleni kupaka mbao za chini za ukuta, ndani ya darasa. Mgongo ulikuwa unamuuma, akaketi sakafuni. Alipaka ubao wa kwanza, wa pili, kisha akasimamisha brashi. Mistari yake ilikuwa mifupi, urefu wa mkono wa mtu aliyekaa. Na mistari ya kwenye baraza ilikuwa vivyo hivyo: mifupi, imelala upande kama ya mtu anayetumia mkono asiouzoea, na kwenye ubao wa mwisho, karibu na mlango, palikuwa na alama ya kiganja kizima, pale mtu alipojishikiza asianguke.

Aliiacha brashi ndani ya kopo. Alikwenda kwake, akaoga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mshonaji alipofungua mlango, fundi hakusema naye kwanza. Alipita hadi kwenye kiti cha Mzee, akachuchumaa.

"Mzee, nimekukosea adabu. Naomba unisamehe."

Mzee alimwekea mkono wa kushoto begani.

"Ulisema kweli," alisema. "Nilijua si ya nje. Nilijua nilipochovya."

"Sasa kwa nini, Baba?" binti aliuliza.

"Mbao zilikuwa na muda wa kungoja zikauke. Mimi sina."

Fundi aliinamisha kichwa, na machozi yake yaliangukia shati jeupe, na hakuyaficha.

Mvua zilipokatika wawili hao waliikwangua baraza, bega kwa bega, Mzee akiwaelekeza kwa kidole kutoka kwenye kiti. Walipofika ubao wa mlangoni, ulio chini ya paa ambako mvua haifiki, mshonaji aliweka mkono wake juu ya ile alama ya kiganja, na fundi akauruka bila kuambiwa. Wiki nyingine nne walingoja. Siku tone lilipozama, walipaka rangi ya asali, na mishipa ya ubao ikajitokeza yote. Jioni Mzee alitolewa nje, akakaa katikati ya baraza yake.

"Inadumu?" aliuliza.

"Haidumu, Mzee. Kila baada ya miaka miwili inataka kurudiwa."

"Nani atairudia?"

"Mimi."

"Na baada ya hapo?"

"Mimi, Mzee. Mpaka mikono ikatae."

Mzee alimgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Lakini bado hajaniuliza mimi."

Basi fundi alimuuliza palepale, akiwa na rangi hadi kwenye nyusi, na mshonaji alijibu akitazama mbao kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Mzee aliiona ndoa. Miaka miwili hakuifikisha.

Asubuhi moja ya kiangazi mshonaji alitoka na kikombe cha maji, futi shingoni, pete kidoleni. Alipita kando ya ubao wa mlangoni bila kuukanyaga, kama wapitavyo wote wa nyumba ile. Alipiga magoti, akadondosha tone moja, akangoja. Mumewe alisimama nyuma yake. Tone lilikaa kidogo, likatanuka, likazama.

"Lete brashi," alisema.