Pembe Iliyotazama Mikaratusi

Gari lilipita kwa kasi ya kutisha, na kunguru aliyekuwa ametua juu ya nguzo hakushtuka hata kidogo.

Lilikuwa gari jekundu la petroli, la yale ambayo watoto wa siku hizi huyaona kwenye makumbusho tu. Vumbi lilitimka, matairi yaliacha harufu ya mpira ulioungua, na watu waliosimama karibu na ukuta walipigwa na upepo usoni. Lakini ngurumo, ile ngurumo ambayo zamani ingewafanya wazibe masikio, haikuwepo. Kilichosikika ni mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka, halafu basi. Juu ya paa la gari palikuwa na pembe ya shaba yenye mdomo mpana, nayo ilijizungusha kila gari lilipokata kona, mithili ya alizeti. Ila haikufuata jua. Popote gari lilipogeukia, pembe iliitazama mikaratusi iliyojipanga upande wa mashariki wa uwanja.

"Sabini na moja," spika ilitangaza.

Enedina Kikoti, aliyekuwa kwenye usukani, alicheka peke yake ndani ya kofia ngumu.

Iringa Mpya ulikuwa mji wa watu wapole wa masikio. Magari yote ya mjini yalikuwa ya umeme, yanateleza barabarani kama sabuni kwenye beseni, na watu walikuwa wameuzoea ukimya kama walivyoyazoea maji safi ya bomba. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, uwanja wa mbio ulifunguliwa kwa yeyote mwenye gari lake. Hapakuwa na mashindano wala kombe. Mtu alikuja, akakimbiza gari mpaka roho yake ikatulia, akarudi nyumbani. Sharti lilikuwa moja: usizidishe desibeli tisini. Kando ya njia zilisimama nguzo zenye mitambo ya mviringo iliyosikiliza kila gari na kuipasha habari Halmashauri. Wenyewe waliiita masikio. Ukizidisha, taa nyekundu inawaka, unatolewa nje.

Madereva wote walijua ujanja wa kuinua mguu kidogo mbele ya sikio, wakishapita wanakanyaga tena. Gari la Enedina halikusaidiwa na ujanja huo. Hata likitembea kwa adabu, lilipita mia.

Injini ile aliiunda Gaudensi, mume wake, kwa mikono yake, kwenye banda la nyuma ya nyumba. Alifariki kabla mtoto wao Melania hajaota jino la kwanza. Enedina hakuwa na sauti yake popote, kwa kuwa Gaudensi alikuwa mtu wa kuona haya mbele ya vinasa sauti. Alichoacha ni gari. Na Enedina alikuwa na ndoto moja ndogo, ya kipuuzi pengine, kwamba siku moja Mela ataketi kwenye kiti cha pembeni, aambiwe: sikiliza, hivi ndivyo baba yako alivyokuwa akifikiri.

Lakini gari lilikuwa limekwisha kuwashiwa taa nyekundu mara mbili. Ikiwaka ya tatu, sheria ilikuwa wazi: linachukuliwa, linayeyushwa.

Ndipo Mwalimu Otmari alipomletea kimezasauti.

Otmari Lunyungu ndiye aliyemfundisha ufundi mitambo kwenye masomo ya jioni, wakati Enedina akiwa na mimba ya miezi saba na miguu imevimba. Alikuwa akimwekea kiti chenye mto mbele ya darasa, na mtu akicheka humwambia, "Wewe ukibeba watu wawili nitakuletea kitanda." Gaudensi alipofariki, ni Otmari aliyemtafutia Mela nafasi kwenye nyumba ya kulelea watoto, hapo hapo nyuma ya mikaratusi, ili mama awe karibu. Baada ya baba yake mzazi, Enedina hakuwa na mtu mwingine aliyemwamini namna ile.

Kimezasauti alikieleza kwa kuchora sakafuni na chaki, kama darasani. Vipokezi vidogo vinaizunguka injini, vinaidaka sauti. Mtambo unatengeneza sauti iliyo kinyume chake, bonde mahali pa kilima, kilima mahali pa bonde. Zikikutana, zinafutana.

"Lakini nishati haipotei, Mwalimu. Ulitufundisha mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupenda, binti yangu. Haipotei. Inageuka joto, inatokea kwenye pembe. Hewa ya moto tu. Ielekeze mahali pasipo na watazamaji, isije ikaunguza mtu."

Enedina aliangalia huku na huku, akaielekeza kwenye mikaratusi, ambako joto lingeishia majanini. Alizikaza skrubu yeye mwenyewe.

Sasa alipoingia sehemu ya magari, madereva wenzake walimzunguka.

"Mama Mela," mmoja alisema, "hilo gari limekufa au limeokoka?"

"Limeokoka. Limeacha kelele, bado kuacha petroli."

Wakacheka. Otmari alikuwa amesimama kando, amevaa koti lake la kijivu, uso umemnawiri. Alimwambia kuwa Afisa wa Utulivu wa Halmashauri atafika baada ya mapumziko kushuhudia mzunguko wa mwisho. Akiridhika, magari yote ya uwanja yatafungwa kimezasauti.

"Kwa sasa acha niwazungushe wageni kidogo na gari hili. Wewe nenda kamnyonyeshe mtoto."

"Taratibu kona ya tatu, inateleza."

"Nani kamfundisha nani?"

Enedina alikatiza katikati ya mikaratusi. Kabla hajafika mlangoni alisikia vilio, navyo havikuwa vya mtoto mmoja. Dada Vestina, mlezi, alikuwa akizunguka chumbani na Mela begani, na Mela alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, anavuta sikio lake kwa kiganja. Mtoto mwingine alikuwa ametapika. Wengine walijikunyata kwenye mkeka, hawachezi.

Roboti mlezi alikuwa amesimama katikati yao, taa yake ya kijani inawaka.

"Joto la mwili la watoto ni la kawaida," alisema. "Kelele kutoka nje ni ndogo. Hakuna tatizo lililoonekana."

"Na hilo nalo," Vestina alisema. "Lingekuwa na tumbo lingejua."

"Wameanza lini?"

"Ni hizi Jumamosi za magari, dada. Ile ya mwezi uliopita na hii. Nilidhani meno. Halafu nikajiuliza, watoto wote hawa wanaota meno siku moja? Na mimi mwenyewe kifua kinanibana, kama kuna mtu kanikalia."

Mwezi uliopita ndipo walipolijaribu gari mara ya kwanza na pembe. Enedina alikumbuka, akalisukuma wazo hilo mbali.

"Lakini hakuna kelele," alisema.

"Hakuna. Kungekuwa na kelele ningejua nakasirikia nini."

Alimchukua mwanawe, akaketi naye, akajaribu kumpa ziwa. Mela alilikataa. Mezani palikuwa na kikombe cha uji ambacho hakuna aliyekigusa, na Enedina alikitazama tu kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yake. Uji ulikuwa ukitetemeka. Miduara midogo ilizaliwa katikati na kukimbilia ukingoni, ikazidi, ikapungua, ikatulia. Mela naye akatulia, akishusha kwikwi. Kisha miduara ikaanza tena, na mtoto akajikunja na kupiga ukelele.

Enedina aliinua macho dirishani. Ng'ambo ya mikaratusi, gari jekundu lilikuwa likipita kimya.

Akautazama uji. Miduara ilisukana, ikakatika kidogo, ikaanza upya kwa mwendo mwingine, mpana zaidi. Ule mkatiko aliujua. Injini ya Gaudensi ilikuwa na kawaida ya kusita inapobadilishwa gia kutoka ya tatu kwenda ya nne, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema. Aliusikia miaka mitatu kwenye banda la nyuma. Sasa aliuona ndani ya kikombe.

"Vestina," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "watoe watoto. Wapeleke kule kwenye kibanda cha soko, mbali na hii miti. Sasa hivi."

Vestina alimfunga Mela mgongoni kwa kanga, akawashika wadogo mikono, na kumwambia roboti abebe wasioweza kutembea. Enedina aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi uwanjani na kile kikombe mkononi.

Gari lilikuwa limeegeshwa. Otmari alikuwa akiagana na wageni. Enedina aliweka mgongo wa mkono wake juu ya boneti: ya moto, haikushikika. Akapanda kwenye kizingiti cha mlango na kuugusa mdomo wa pembe, mahali ambapo joto lote lilipaswa kuwa linatokea.

Ulikuwa baridi kama mtungi.

Aliposhuka, Otmari alikuwa nyuma yake.

"Umegusa," alisema.

"Hakuna joto lolote, Mwalimu."

Otmari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Alijibu polepole, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyekwama.

"Masikio yale yametengenezwa yasikie kama mtu mzima anavyosikia. Sauti ya chini sana, ile isiyofika masikioni mwetu, hayaihesabu. Sheria pia haiihesabu. Kuifuta ngurumo ya gari hili haikuwezekana, nilijaribu mwaka mzima. Nikaishusha. Nikaishusha chini ya sheria, nikaitoa upande mmoja."

"Upande wa watoto."

"Pembe uliielekeza wewe, Enedina."

Alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. Ilikuwa kweli. Mikono yake ndiyo iliyozikaza zile skrubu.

"Uliniambia hewa ya moto."

"Ningekuambia vingine ungekubali?"

"Wewe ndiye uliyemtafutia Mela nafasi pale. Ulimbeba mwenyewe siku ya kwanza. Ulipoona nimegeuzia wapi, ukanyamaza."

"Ningesema tugeuzie wapi? Magharibi kuna jukwaa la wageni. Kaskazini hospitali. Kusini ni Halmashauri yenyewe. Upande ule..." Alirudisha miwani usoni. "Upande ule hakuna wa kulalamika. Ni muda mfupi tu, mpaka nipate njia bora. Gari la Gaudensi linabaki. Si ndicho ulichotaka?"

Enedina alimtazama mtu huyu aliyemwekea mto kwenye kiti. Alitafuta usoni mwake mtu mwingine, mbaya zaidi, ambaye ingekuwa rahisi kumchukia. Hakumpata. Alikuwa Mwalimu yule yule, na hilo ndilo lililouma.

"Afisa amefika," alisema Otmari. "Nenda, binti yangu. Mzunguko mmoja."

"Nipe funguo."

Aliingia garini. Kikombe alikibana katikati ya viti. Kabla ya kutoka, alipeleka mkono juu ya kichwa chake, akaupapasa waya mnene ulioteremka kutoka kwenye pembe, akauchomoa. Kisha akawasha.

Kunguru aliruka kutoka kwenye nguzo kana kwamba amerushiwa jiwe.

Watu jukwaani walisimama. Wengi hawakuwahi kuisikia sauti ya namna ile maishani mwao. Ilipanda kutoka ardhini na kupasua ukimya wa mji mzima, nzito, yenye kokoto ndani yake. Sikio la kwanza likawaka nyekundu, likafuata la pili na la tatu. Spika ilisema mia na nane, ikarudia, ikazimwa. Enedina hakuinua mguu mbele ya sikio lolote. Gia ya tatu, kile kimezo kidogo, ya nne. Alikuwa analia na hakujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Alisimamisha gari mbele ya Afisa wa Utulivu, mwanamke mnene mwenye kipimo kifuani, ambaye tayari alikuwa ameita lori la kuvuta.

"Mama, unajua maana ya taa ya tatu?"

"Najua. Lichukueni. Naomba kwanza uone kitu."

Aliuchomeka waya mahali pake. Akaligeuza gari mpaka mikaratusi ikawa mbele, ili mdomo wa pembe ujilete juu ya boneti. Akaweka kikombe hapo kwenye boneti na kukanyaga mafuta. Kukawa kimya, ule mluzi tu wa birika. Uji ulirukaruka kikombeni, ukamwagika, ukachirizika juu ya rangi nyekundu. Afisa, aliyekuwa amesogea kutazama, alirudi nyuma hatua moja na kujishika kifua.

Kisha akatazama kipimo chake.

"Kwangu hiyo ni sabini na moja," alisema, kama asiyejiamini. "Kisheria hiyo ni..." Alitupa macho kule pembe ilikoelekea. "Nyuma ya ile miti kuna nini?"

"Muulize Mwalimu Otmari. Anajua kueleza vizuri."

Otmari alikuwa amesimama pale pale, mikono mifukoni. "Enedina," aliita. "Binti yangu."

Alizima injini, akamkabidhi Afisa funguo, akampita Otmari kama anavyopitwa mtu asiyefahamika.

Kwenye kibanda cha soko watoto walikuwa wakigombea muwa. Vestina alikuwa amekaa juu ya gunia, anajitikisa mbele na nyuma, na Mela mgongoni kwake alikuwa amelala, mdomo wazi, mashavu yana mistari ya machozi yaliyokauka.

"Ile ngurumo ilipoanza nilisema sasa basi, huyu atazimia," Vestina alinong'ona. "Akanyamaza. Akainua kichwa hivi, anatafuta inatoka wapi. Mara nahisi mgongo mzito, kumbe kalala."

Kutoka uwanjani ulisikika mnyororo wa lori ukikazwa.

"Alisikia kiasi gani?" Enedina aliuliza.

"Yote, dada. Mpaka mwisho."

Enedina aliketi juu ya gunia la pili, akafungua fundo la kanga taratibu ili asimwamshe, akampokea mwanawe.