Darasa Lililochaguliwa kwa Mshono

Kila Panzi aliporudi kutoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka, karakana na sebule kwa pamoja. Panzi alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta chini ya meza ya kukatia vitambaa na chini ya cherehani mpaka pini zote zikanasa. Kisha alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Kisha, kwa kuwa ufagio ulikuwa mkononi na cherehani ilikuwa ikilia, alianza kucheza.

Jina la Panzi alipewa na baba yake, dereva wa lori la masafa marefu ambaye alionekana nyumbani kwa nadra kama mgeni. Baba alisema hajapata kuona mtoto anayetoka chumbani kwenda jikoni kwa kuruka. Siku moja Panzi aliruka, akazunguka, akaigonga meza ya kupigia pasi, na pasi ikaangukia gauni la bibi harusi.

Mama alilitazama lile gauni. Hakufoka, na hilo lilimtisha Panzi kuliko kufokewa.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hapa kuna mawili. Ama wewe utafutiwe mahali pa kuchezea, ama mimi nitafute mahali pa kukimbilia."

Ndivyo ilivyokuwa hata Jumamosi iliyofuata wakatoka, mama na mtoto, kwenda kutafuta darasa la dansi.

Darasa la kwanza lilikuwa juu kabisa katika jengo jipya. Ukuta mmoja mzima ulikuwa vioo, na sakafu ilikuwa marumaru nyeupe, safi kiasi cha mtu kuona haya kuikanyaga. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, na watoto walimwita Madamu. Watoto walikuwa wakiruka mstari kwa mstari, lakini Mama hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mavazi ya onyesho yaliyotundikwa pembeni, akachukua vazi moja, akaligeuza ndani nje.

"Tazama mshono huu," alimnong'oneza Panzi. "Hakuna uzi unaoning'inia. Upindo umekunjwa mara mbili. Mtu anayejali mahali pasipoonekana hawezi kumharibia mtu mtoto wake."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Seremala asingelifanya kosa hilo, wala mwuguzi. Lilimhitaji fundi cherehani, tena fundi hodari.

Darasa la pili lilikuwa katika ukumbi wa zamani nyuma ya karakana ya mbao. Sakafu yake ya mbao ilikuwa imechakaa na ikilialia ikikanyagwa, na mwalimu alikuwa mzee mnene ambaye watoto walimwita Mwalimu Polepole, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alimwomba Panzi aruke. Panzi akaruka. Mzee hakumtazama, alifumba macho akasikiliza.

"Unajua kupaa," alisema. "Kutua bado. Unatua kwa kishindo, na kishindo hicho kinakwenda kwenye mifupa yako. Usijali, tutakufundisha polepole."

Panzi alisikia raha ya ajabu moyoni. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye juu ya miguu yake ila kumwambia aitulize. Lakini Mama alikuwa ameona jambo lingine. Sketi ya msichana mmoja ilikuwa imefungwa kwa pini, na ya mwenzake ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweupe.

"Uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi," Mama alisema walipokuwa njiani, kwa sauti ya mtu anayetoka msibani. "Mtu hashindwi kununua uzi mweusi. Haya, umeyaona yote mawili. Mimi nasema lile la vioo. Wewe unasemaje?"

Panzi alikuwa na la kusema. Lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliutazama uso wa mama yake, uliokuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu gauni liungue, akalimeza.

"Sawa tu, Mama."

"Vizuri. Lakini nisikilize. Karate uliacha, eti mikono inauma. Kuogelea uliacha, eti maji yanaingia masikioni. Hili ndilo la mwisho. Siku utakayoniletea habari za kuumwa hapa na kuumwa pale, nakutoa, na mambo ya dansi yataishia hapo."

Basi Panzi akaanza darasa la vioo. Mwanzoni alifurahi, maana kucheza ni kucheza. Lakini chini ya marumaru ile nzuri kulikuwa na saruji, na saruji haina huruma. Walikuwa wakiruka na kutua, wakiruka na kutua, na ikiwa mmoja amekosea, wote wanarudia. Baada ya wiki kadhaa Panzi alianza kusikia maumivu kwenye muundi wa mguu wa kulia. Mwanzoni yalikuja akiruka tu. Baadaye yalikuja akitembea. Mwisho yalimfuata hata kitandani.

"Madamu, mguu unauma," alisema siku moja, kwa sauti ndogo.

"Maumivu ni ya wavivu," Madamu alijibu bila kugeuka. "Tena, kuanzia mwanzo."

Nyumbani Mama aliona anachechemea.

"Una nini?"

"Kiatu kinanibana."

Mama akakipeleka kiatu kwa fundi viatu, kikapanuliwa mpaka mguu wa Panzi ukawa unaogelea ndani yake. Kuchechemea hakukwisha, lakini sasa Panzi alijifunza kuchechemea wakati hakuna anayemwona. Alijichua kwa siri kwa dawa ya baba yake ya mgongo, na alipoulizwa harufu ile inatoka wapi, alisema hajui. Uongo una tabia ya kuzaa, na wa Panzi ulizaa sana.

Shuleni, rafiki yake wa dawati moja alimkuta amekaa peke yake wakati wenzao wanaruka kamba.

"Mwambie mama yako," alisema yule rafiki.

"Nikimwambia, sitacheza tena."

"Na usipomwambia?"

Panzi alikuwa ameshajiuliza swali hilo mara nyingi, na kila mara alilikimbia kwa mguu ule ule mbovu.

Kisha likaja la kufunga kazi. Madamu alimwomba Mama ashone mavazi ya onyesho kubwa la darasa zima. Mama alirudi nyumbani akiimba. Vitambaa vya buluu vilijaa chumbani, vikatanda juu ya viti, na mtu akitaka kukaa ilibidi aombe ruhusa. Vazi la Panzi ndilo lililokuwa la kwanza kukatwa, kwa kuwa Panzi ndiye angeruka peke yake katikati ya jukwaa. Kadiri Mama alivyofurahi, ndivyo Panzi alivyozidi kujiona amefungiwa chumba kisicho na mlango. Alilala akilia, akaamka akitabasamu, na hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia.

Jioni moja Mama alimsimamisha juu ya kigoda ili apime upindo wa vazi lake. Alipiga magoti, pini mdomoni, futi shingoni, akaweka alama za chaki kuzunguka sketi yote. Akarudi nyuma, akatazama. Upande mmoja ulikuwa chini.

"Simama wima," alisema.

"Nimesimama, Mama."

Mama akafuta chaki, akapima upya. Upindo ukakataa tena. Akaitazama futi kama vile imemsaliti. Katika miaka yake yote ya ushonaji, upindo haukuwahi kumshinda. Akapima mara nyingine, safari hii polepole, kisha akatulia, akazitoa pini mdomoni moja moja.

"Kitambaa hakina kosa," alisema. "Ni wewe umeegemea mguu mmoja. Mbona huukanyagi wa kulia?"

"Naukanyaga."

"Ukanyage nione."

Panzi akaukanyaga. Alijaribu kutabasamu, lakini machozi yalitangulia. Mama akapandisha sketi, akaushika muundi kwa vidole vyake viwili, kwa wepesi ule ule anaoshikia hariri. Panzi akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Hospitalini walipiga picha ya mfupa. Daktari wa mifupa aliibandika kwenye taa akawaonyesha mstari mwembamba kama unywele.

"Mfupa umepata ufa," alisema. "Umeupata kwa kugongwa na sakafu kila siku. Ulianza kuuma lini, binti?"

Panzi alitazama chini. "Zamani," alisema.

"Ungesema hapo zamani, ningekupa mapumziko mafupi ukarudi kucheza. Sasa ni plasta ngumu na magongo. Kuhusu kuruka, siwezi kukuahidi kitu. Tusubiri mfupa wenyewe utuambie."

Njiani Panzi alieleza yote, hata jibu alilopewa na Madamu. Walipofika nyumbani Mama alikaa katikati ya vitambaa vya buluu, akajifunika uso kwa viganja vyake. Panzi hakuwahi kumwona mama yake akilia, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku iliyofuata Mama alikwenda kwa Madamu akiwa na hasira ya kutosha kwenda na kurudi. Alirudi ile hasira imemwisha.

"Amesema hukuonyesha kama umeumia kweli," alimwambia Panzi. "Nikamwambia ulimweleza, akasema ulisema mara moja tu. Nikataka kumjibu, nikakosa neno. Mimi mama yako hukuniambia hata hiyo mara moja."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kazi ya watu ilikuwa imeshapokelewa, na fundi muungwana hairudishi, kwa hiyo Mama aliendelea kushona. Panzi alikaa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, akimsaidia kutunga shanga kwenye mavazi ya wenzake. Siku moja aliingia msichana mwingine wa darasa lile, akavalishwa vazi la Panzi. Lilikuwa kubwa kwake. Mama akalipunguza kiuno na mabega, na Panzi akawa anamkabidhi pini moja baada ya nyingine. Yule msichana alipoondoka, Panzi aligeukia ukutani, akabaki hivyo hadi giza lilipoingia.

Siku ya onyesho ilikuja ikapita. Baba alirudi safari akamchekesha, akamwambia hata panzi hupumzika. Panzi hakucheka. Alikuwa amejiona yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyeipoteza ile siku, na majuto, kama wanavyosema, ni mjukuu. Alikula kidogo, hakutaka kusikia muziki, na jirani alipofungulia redio aliomba dirisha lifungwe.

Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba na mkavu, kama si wake. Daktari alisema mfupa umeunga na kwamba anaweza kuanza mazoezi taratibu, juu ya sakafu ya mbao, chini ya mwalimu anayejua kazi yake.

"Sitaki," Panzi alisema. "Sitacheza tena."

Mama hakubishana naye. Alisubiri mpaka wakabaki wawili chumbani, akazima cherehani, akavuta kiti karibu.

"Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema. "Mimi niliona mkakasi. Nilichagua mwalimu kama ninavyochagua kitambaa, nikageuza nguo ndani nje, nikasahau kumgeuza yule mtu. Sikutazama sakafu. Sikutazama watoto wanatua vipi. Na nilikuuliza unasemaje, hali nimeshakata shauri. Baya zaidi, nilikutisha ukaogopa kunieleza. Hayo ni yangu, nayabeba mimi."

Panzi alianza kulia.

"Lakini na lako lipo," Mama aliendelea, kwa upole. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Uliogopa kwamba ukisema ukweli utalikosa dansi. Umenyamaza, na dansi umelikosa vilevile, na mguu juu yake. Mwanangu, mtu akikupenda, mpe nafasi ya kukusaidia. Mimi naweza kushona kila kitu katika nyumba hii, ila siwezi kushona jambo nisiloonyeshwa limechanika wapi."

Mama akamkabidhi kipande cha kitambaa ajifute machozi.

"Nikuulize tena, na safari hii nasikiliza," Mama alisema. "Siku ile tuliyokwenda kuangalia madarasa, wewe ulipenda lipi?"

Panzi alifuta pua. "La yule mzee," alisema. "Alifumba macho akanisikiliza."

Jumamosi wakaenda. Mwalimu Polepole hakuuliza maswali mengi. Mama alivua viatu vyake mlangoni, akatembea juu ya zile mbao, akaangalia watoto wanavyotua, na alipomwona msichana mwenye sketi ya pini alijizuia sana asiseme kitu.

"Haya," mzee alimwambia Panzi. "Leo haturuki. Toka hapa, nenda mpaka ukuta ule kwa kutembea tu, halafu rudi."

Panzi alitembea. Wenzake walikuwa wakizunguka na kupaa pande zote, na yeye, aliyekuwa akitoka chumbani kwenda jikoni kwa kuruka, alikuwa anajifunza kutembea kama mtoto mchanga. Alipofika ukutani na kugeuka, ule muundi ukamchoma.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Unauma?" aliuliza.

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Panzi alimtazama mama yake pale mlangoni. Mama alikuwa amesimama peku, mikono kifuani, akisubiri.

"Unauma," Panzi alisema. "Kidogo. Hapa."

"Basi kaa chini," mzee alisema. "Kwa leo tumemaliza. Wapo wanafunzi wangu wanaoruka vizuri kuliko ndege, na somo hilo la kusema panapouma bado halijawaingia."

Panzi akakaa sakafuni na kulia mbele ya darasa zima. Mama akaja, akakaa karibu naye juu ya zile mbao, akauchukua ule mguu mwembamba akaupakata.