Chupa Iliyofunguliwa Jana

Soko la Rockey Street, Yeoville, mjini Joburg, lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Wanunuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, na wa samaki wakavu walisukumana, na katikati yao alisimama mwanamume wa shati jeupe, pasi imekaa sawasawa, akinusa peasi. Alinusa moja, akafumba macho, akairudisha, akachukua nyingine.

"Firmin, hiyo pua yako itanimalizia matunda," akalalamika Mama Marcelline, mwenye meza. "Nani atanunua peasi iliyokwisha kunuswa?"

"Mimi," ikajibu sauti ya mwanamke nyuma yake.

Alikuwa Nyambura, Mkenya anayefanya kazi benki. Alivaa gauni la rangi ya machungwa na raba nyeupe, mkononi amemshika binti yake wa miaka minne, Shiko. Alimpa mtoto ile peasi, kisha akamuuliza Firmin kama kwao watu hula kwa pua. Firmin aliona aibu, akacheka. Akaeleza kuwa yeye ni mtu wa Bukavu, mhudumu wa divai katika hoteli moja ya Rosebank, na mwalimu wake husema pua hufundishwa sokoni.

Tangu siku hiyo simu ya Nyambura ililia kila saa ya chakula cha mchana. Kanisani kwao divai ilikuwa kikombe kidogo cha juisi, basi alimtania Firmin kwamba anachumbiwa na mlevi. Firmin alimjibu kwamba yeye huonja na kutema, mke wake hatalala na harufu. Neno hilo, mke, lilimfanya Nyambura aangalie kompyuta yake nusu saa bila kuona kitu.

Mara nyingi Firmin alimsimulia juu ya Savennières, kijiji kidogo cha Ufaransa kando ya mto Loire. Huko mizabibu hupandwa kwenye miteremko ya mawe yanayopasuka vipande bapa kama vigae. Zabibu yao ni aina moja tu, chenin, ile ile iliyojaa mashamba ya Cape.

"Lakini ya hapa inakucheka ukiifungua tu, chérie. Inanukia mapera, nanasi. Ya kule inanyamaza. Zabibu ni ndugu, udongo ndio umewalea mbalimbali."

"Kama sisi wageni wa Joburg," akasema Nyambura.

"Kama sisi kabisa."

Mwezi wa nane, upepo mkavu ukipeperusha vumbi mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, habari ikaja. Firmin amechaguliwa kwenda Savennières, avune, kisha akae shambani mwaka mzima akijifunza. Angeruka Jumatatu jioni. Nyambura alimpongeza, halafu akaenda chooni kazini akalia.

Firmin alikuwa na chupa moja ya Savennières, zawadi ya mwalimu wake. Aliahidi kwamba Jumapili, baada ya kanisa, wataionja wawili, na kwamba haitanywewa bila Nyambura. Ahadi hiyo Nyambura aliishika kuliko alivyotaka. Baba yake Shiko naye alikuwa mtu wa ahadi, na alikwenda Cape Town kwa wiki mbili ambazo hazijaisha hadi leo.

Jumapili Nyambura alifika Bertrams, mtaa wa Firmin, amevaa gauni la bluu alilolishona kwa siku hiyo. Firmin alikuwa ametoka kununua mkate. Mlango ulikuwa wazi, na barazani jirani, Murielle, msusi mwenye kucha nyekundu, alikuwa akichana nywele za bandia. Juu ya meza chupa ilikuwa imefunguliwa, imepungua glasi nzima.

"Aliifungua jana," akasema Murielle bila hila. "Hata mimi alinionjesha. Eish, chungu kama dawa."

Nyambura alirudi alikotoka. Firmin alipiga simu mara kumi na moja. Hakupokea hata moja, na ujumbe wake hakuufungua.

Jumatatu mchana akapigiwa na Mama Marcelline. Kuna mzigo wako hapa, akaambiwa, kijana wa Bukavu ameuacha na amesema upewe mkononi. Alipofika sokoni, ilikuwa ile chupa, imefungwa kwa gazeti, na karatasi.

*Nyambura, divai hii ikiwa changa hujifunga. Kule kwenyewe wapo wanaoifungua siku moja kabla na kuipunguza kidogo, hewa iingie. Glasi niliyopunguza alionja Murielle. Yeye aliionja ikiwa bado imelala. Wewe nilitaka uikute imeamka. Nilikuficha nikidhani nitakufurahisha. Nisamehe.*

Mama Marcelline akamtolea kikombe cha plastiki. Nyambura akanusa kwanza, kama alivyofundishwa. Asali. Mawe yaliyonyeshewa, harufu aliyoikosa Joburg tangu mvua zikatike mwezi wa tano. Na katikati, bila shaka yoyote, peasi.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Firmin alisikia matangazo ya uwanja wa ndege.

"Nimeionja," akasema.

Firmin akauliza, "Inasemaje?"

"Inasema mimi ni mjinga."

"Hapana. Inasema nini?"

"Peasi. Ile ya Shiko." Akakitazama kikombe. "Ungenieleza tu, Firmin. Mimi si mteja wa kushangazwa."

"Najua sasa." Akavuta pumzi. "Mwaka ukiisha nikirudi, nikipitia kwenu Nyeri, baba yako atanipokea?"

Nyambura alikaa juu ya kreti tupu, kikombe magotini. Mama Marcelline aligeuka akapanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Baba ni mzee wa kanisa, divai usimpelekee," akasema. "Lakini na yeye ni wa mawe, siku ya kwanza haongei na mtu. Kwa hiyo ukienda kuniomba, fika siku moja kabla."