Aliyeachia Usukani

Mambo yote haya yalianza na chungwa, na kama kuna mtu hapa anataka kucheka, acheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele nafasi ya kucheka hakuna.

Fundi Nyoosha alikuwa na gereji yake ya kunyoosha magari yanayovuta upande. Injini, rangi, taa, hayo aliwaachia wengine. Lakini ukimpelekea gari linalokimbilia kushoto kama punda aliyeona majani, jioni utalichukua linakwenda kama uzi. Fahari yake kubwa ilikuwa sakafu. Aliimwagia zege mwenyewe, akaipima mpaka ikalala sawasawa, na kila mteja alisimuliwa habari zake. "Mwaga maji hapa," alikuwa akisema, "yatabaki yanashangaa, hayajui yaende wapi."

Basi siku hiyo mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliingiza gari lao juu ya sakafu hiyo, akazima injini, akateremka na mfuko wa machungwa. Moja likamponyoka, likaangukia ndani ya gari, mbele ya kiti. Likatulia. Halafu likaanza kubingirika polepole kwenda kushoto, likagonga mlango, likarudi kidogo, likagonga tena.

"Umeona?" mkewe akasema. "Gari lako linavuta hata likiwa limesimama."

"Gari letu," fundi akamrekebisha. Lilikuwa bado geni pale nyumbani. Alilinunua yeye kwa dalali mmoja mwenye maneno matamu, ili mkewe aache kubeba marobota ya sare na binti yao afike shule bila vumbi. "Na halivuti limesimama, mama Kidosho. Wewe unashika usukani kama umeshikishwa mtoto wa watu, woga mtupu."

"Haya, bingwa. Linyooshe basi."

Kidosho alicheka huko nyuma. Ndiye mtoto wao wa pekee, darasa la pili, aliyepatikana baada ya miaka mingi ya machozi. Alikaa kiti cha nyuma kushoto, mahali pake, ambapo hata mfuko wa nguo haukuruhusiwa kuwekwa.

Fundi akaanza kazi kwa kupiga mluzi. Akapima upepo wa matairi, uko sawa. Akainua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono kuona kama breki inabana upande mmoja, yakazunguka laini. Akatikisa viungo vya usukani, vimekaza. Akahamisha tairi la kushoto akalipeleka kulia, na la kulia kushoto, maana tairi bovu huhama na ugonjwa wake. Akajaribu. Gari likavuta kushoto vilevile. Akafunga nyuzi mbele na nyuma, akapima pembe za magurudumu mara mbili, zikaja sawa kama zimetoka kiwandani. Mluzi ukakoma.

Kilichomkera ni kwamba tairi lenyewe lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani, upande mmoja tu. Tairi kwake lilikuwa shahidi. Mwenye gari anaweza kudanganya, dalali ndiyo kabisa, lakini tairi likiliwa upande mmoja ujue kuna kitu kinalivuta, uking'ang'ana kulipeleka huku lenyewe linataka kule.

Tena kulikuwa na harufu. Kila alipofungua mlango wa nyuma kushoto alikutana na harufu ya maji yaliyolala, tope bichi, kitu cha shimoni. Akainua kapeti. Chini yake kulikuwa na vumbi jeupe laini la mawe, limekauka katika mistari, kama linavyokauka maji yakiondoka taratibu. Na mkanda wa kiti cha Kidosho ulikuwa mpya. Mingine yote ilikuwa mikuukuu, huo tu ndio mpya, na kwenye kifungio chake cha zamani kilichosahaulika chini ya kiti kulikuwa na kipande cha mkanda kilichokatwa kwa kisu.

Alielewa. Gari liliwahi kuzama, na kuna mtu alikatiwa mkanda akatolewa pale. Alielewa pia kwamba alipaswa kuinua kapeti hilo kabla ya kununua, kama anavyowahubiria wateja wake kila siku. Aibu ikamshika. Akarudisha kapeti mahali pake, na mkewe hakuambiwa kitu.

Kesho yake mchana alimchukua Kidosho shuleni, akapita naye njia ya nyuma ya gereji kulijaribu gari. Ilikuwa njia iliyonyooka, haina magari, upande mmoja maghala, upande wa pili machimbo ya mawe ya zamani. Machimbo yale yaliachwa siku nyingi, yakajaa maji meusi, na uzio wake ulikuwa umelala chini.

Sasa, Fundi Nyoosha alikuwa na namna yake ya kupima. Mafundi wengine hukimbilia mashine. Yeye alikwenda mwendo wa wastani, akaachia usukani kabisa, akalitazama gari linataka kwenda wapi. "Usilishurutishe," alikuwa akisema. "Liache liseme lenyewe."

"Baba, leo niachie mimi," Kidosho akabembeleza. "Baba, nakuomba, mara moja tu."

Hilo mkewe alilikataza kwa kiapo. Siku nitakayosikia mwanangu amekaa mapajani mwako mbele ya usukani, alisema, utalala gereji na spana zako. Lakini mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, njia ilikuwa tupu, na yule mtoto alikuwa na sauti ya kuyeyusha chuma. Akampakata.

"Shika hapo. Haya, sasa achia, mama. Tuone linataka kwenda wapi."

Kidosho akainua mikono yote miwili juu, akacheka, akaliambia gari kwa sauti, "Haya, tupeleke unakotaka!"

Gari likaenda kushoto, taratibu, bila kishindo. Fundi akalirudisha barabarani. Walipoyapita machimbo likawa zito ghafla, likakokota kama limefungwa mzigo nyuma. Akageuza. Wakaanza kurudi, na mtoto akaachia tena.

"Baba," akasema, kicheko kimekwisha. "Sasa linakwenda upande ule mwingine."

Gari bovu linalovuta kushoto huvuta kushoto, uende, urudi, ugeuke, ni kushoto tu. Hili sasa lilivuta kulia. Na kulia, wakirudi, ndiko yalikokuwa yale machimbo, na ndiyo yaliyokuwa kushoto wakati wa kwenda, kwa hiyo halikuwa gari linalovuta upande hata kidogo, lilikuwa gari linalovutwa mahali, na alipokanyaga breki ikawa kama anakanyaga matope, na alipokata usukani ukawa mgumu kama kuna mwingine ameushika kwa ndani, na magurudumu yakapanda juu ya uzio uliolala, waya zikilia chini yao, na yale maji meusi yakaja mbele ya kioo yakiwa yametulia kabisa, hayana wimbi, yakisubiri, hadi akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote alizopewa na Mungu na gari likasimama, pua yake ikichungulia shimoni.

Harufu ya tope ikajaa ndani mpaka akahisi ladha yake mdomoni.

Kisha nyuma yao, kwenye kiti kisicho na mtu, mkanda ukavutwa. Aliusikia ukitoka taratibu kwenye kikunjio chake. Ukafungwa: *kacha.*

"Baba," Kidosho akanong'ona kifuani pake, "nani amekaa mahali pangu?"

"Usigeuke, mwanangu. Nitazame mimi. Usigeuke."

Yeye mwenyewe aliangalia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, maana mtu ni mtu. Mkanda ulikuwa umefungwa na umetuna, umezunguka kitu kidogo, kisichoonekana, na ulikuwa unapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua.

Alilirudisha gari kinyumenyume hadi barabarani, akamteremsha mtoto, wakatembea kwa miguu hadi nyumbani. Njiani akamwambia Kidosho kwamba yale ya kupakatwa ni siri yao wawili. Mtoto akaitikia kwa kichwa, meno yakimgongana.

Mkewe aliambiwa nusu. Gari liliwahi kuzama, akasema fundi, na kuna kitu kimekaa ndani. Mkewe hakumgombeza. Alijifunga kitenge kiunoni, akaenda kumwita Bi Pasi.

Huyo Bi Pasi alikuwa mpiga pasi wa mtaa, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, na watu walijua kwamba pasi yake ya mkaa ilikuwa na kazi mbili. Alifika gereji na pasi mkononi, imejaa makaa, akatupia ubani ndani yake, akalizunguka gari ambalo vijana wa jirani walilivuta kwa kamba hadi kwenye sakafu. Akanusa mlango wa nyuma kushoto. Akatema mate.

"Wachimba mawe walipasua nyumba ya wenyewe, wale wasioonekana," akasema, sauti chini. "Maji yakajaa, wenyewe wakabaki humo na ghadhabu zao. Huyu aliyemo humu ni mmoja wao, alikwisha kumchukua mtu kwa gari hili, akapenda. Sasa hawezi kukuingieni hivihivi. Lazima mtu amkaribishe. Nani aliachia usukani?"

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa amesimama palepale, amemshika Kidosho begani.

"Mimi," fundi akasema.

"Peke yako?"

Kidosho alimtazama baba yake. Fundi aliona macho yale, akaona na uso wa mkewe uliochoka kwa hofu, akawaza kwamba ugomvi mwingine wa nini tena saa hii.

"Peke yangu."

"Sikiliza vizuri, baba. Kazi hii naifanya mara moja. Namfungia mlango yule aliyemwalika. Nikifunga mlango usiohusika, ataingia kwenye ule ulioachwa wazi, na mimi hatanisikia tena, hata nipige kelele namna gani. Ni wewe?"

"Ni mimi, Bi mkubwa."

Basi akamsimamisha mbele ya gari, akampitishia moshi kichwani, kifuani, viganjani, akisema maneno ambayo mengine yalieleweka na mengine hayakueleweka, na gari likaanza kutikisika juu ya magurudumu yake kama mgonjwa wa homa, vioo vikaingia ukungu kwa ndani, kisha chini ya mlango wa nyuma kushoto maji yakaanza kutoka, meusi, ya baridi, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya gari, yakamwagika juu ya ile sakafu iliyopimwa, na hayakushangaa hata kidogo. Yalijua pa kwenda. Yalijikusanya yakawa mkondo mmoja mwembamba, yakapita kati ya miguu ya fundi, yakamzunguka mkewe, yakafika kwenye viatu vya Kidosho, yakasita hapo. Halafu yakatoka nje, upande wa machimbo.

"Kwisha," akasema Bi Pasi, ingawa alibaki akiitazama sakafu kwa muda kabla hajafunika pasi yake.

Kweli, gari lilipona. Chungwa likiwekwa ndani lilikaa. Fundi aliachia usukani njia ile ile, akiwa peke yake, na gari likaenda kama uzi, likarudi kama uzi. Harufu ikakata. Mkewe akaanza tena kumtania mbele ya wateja, na yeye akarudia mluzi wake. Siri ya kupakata ikalala kifuani kama jiwe dogo tu, la kuzoeleka.

Hadi asubuhi moja ya mvua mkewe alipomjia gereji na viatu vya shule mkononi, Kidosho akimfuata peku nyuma.

"Mtoto huyu anakula viatu, baba Kidosho. Hivi si tumevinunua juzi tu? Hebu ona. Au anatembea kama kaa huko shuleni?"

Fundi akakipokea cha kushoto. Akakigeuza. Soli ilikuwa imeliwa ukingo wa ndani, upande mmoja tu, imechongoka.

Alikuwa ameyaona maandishi hayo maisha yake yote, chini ya magari ya watu.

"Kidosho, njoo," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. Akachora mstari wa chaki katikati ya sakafu. "Simama hapa, mama. Fumba macho. Tembea moja kwa moja uje kwangu."

"Mnacheza nini?" mkewe akauliza, akitabasamu.

Mtoto akafumba macho, akatembea. Hatua za mwanzo zilikuwa sawa. Kisha akaanza kuuacha mstari, taratibu, bila kishindo, akaenda kushoto. Fundi akamgeuza, akamwambia tembea tena. Akaenda kulia.

Kushoto wakati wa kwenda. Kulia wakati wa kurudi. Upande wa machimbo.

"Mama Kidosho," akasema, machozi yamemjaa. "Siku ile aliyeachia usukani hakuwa mimi peke yangu. Nilimpakata. Ni yeye aliyeachia. Ni yeye aliyeliambia gari litupeleke."

Tabasamu la mkewe lilibaki usoni kidogo, limesahauliwa, kabla halijaanguka. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Na Bi Pasi alituambia nini kuhusu mlango ulioachwa wazi?"

Fundi alikwisha piga magoti, amemshika binti yake mkono. Nywele za mtoto zilinuka maji yaliyolala. Kidosho alikuwa bado amefumba macho, na kwenye kiganja cha baba yake ule mvuto ukaja, mpole, hauchoki, ule ule alioujua kwenye usukani.

"Baba," akasema, "acha kunivuta."

Naye hakuwa akimvuta, alikuwa amepiga magoti tu pale pale, magoti yake yamekita kwenye zege, amemshikilia kwa mikono yote miwili.